Tuko wanane, tunataka kuingia Römerfest ya Carnuntum kama askari wa Kirumi. Tuanzie wapi?

Jirani wa Danube

Wakuu, heshima kwenu.

Tuko watu wanane tunaoishi Vienna na Bratislava, wanaume watano na wanawake watatu, sote Waswahili kwa lugha: Tanga, Mombasa, Bukavu, Bujumbura. Tunataka kushiriki Römerfest, lile tamasha la kiangazi pale Carnuntum, mji wa kale wa Kirumi kando ya Danube nchini Austria, ndani ya kambi yenyewe na si nyuma ya kamba ya watazamaji. Vikundi vya namna hii huulizwa mapema vinaigiza nani, wa mwaka gani, na vitawaonyesha wageni nini.

Naomba msaada kwa haya. Vifaa gani vianze na vipi visubiri, maana fedha si nyingi? Tupike nini, na kwa vyombo gani? Kisha swali ambalo kila mmoja wetu ameshaulizwa: mtu mweusi ana nafasi gani katika jeshi la Roma, au tutaambiwa tuigize watumwa? Tunataka jibu lenye ushahidi, si la kubembelezana.

Wanawake wetu watatu hawataki kukaa pembeni wakishika mikoba, nao wafikirieni.

---

Fundi Ngozi

Jirani, chagueni mwaka kabla hamjanunua hata sindano. Makosa mengi kwenye matamasha haya hutokana na mtu kununua kitu kizuri hapa na kingine kule, akatokea na kofia ya karne ya kwanza, upanga wa karne ya tatu na vikuku vya ngozi vya kwenye sinema ambavyo askari wa Kirumi hakuvivaa.

Kwa Carnuntum mwaka wa kuchagua uko wazi: 193 BK. Tarehe 9 Aprili mwaka huo majeshi ya Danube yalimtangaza hapo hapo Septimius Severus, gavana wa Pannonia ya Juu, kuwa Kaisari. Legioni (kikosi kikubwa cha jeshi la Roma) iliyokuwa na makao pale ni Legio XIV Gemina. Ukishika mwaka huo, orodha ya vifaa inabadilika kabisa na ile watu waliyoizoea.

Viatu kwanza, kwa sababu ndivyo vitakavyowaumiza. Ile kaliga ya kamba kamba, yenye vidole nje, ilikuwa imeshaachwa miaka mingi kabla ya 193. Mnahitaji buti fupi la kufunika mguu, linalofungwa kwa kamba juu ya wayo. Ngozi iwe imedabaghiwa kwa magome ya miti; ya kemikali ya kromu hunyooka ikilowa na buti hupoteza umbo mchana mmoja. Sehemu ya juu milimita 2 hadi 2.5, soli ya nje 4 hadi 5. Misumari ya soli hupigwa juu ya kipande cha chuma ili ncha ikunjike na kurudi ndani ya ngozi, kisha soli ya ndani hugundishwa juu yake. Msumari mrefu kupita kiasi haukunjiki vizuri. Unasimama, na baada ya saa moja ya kutembea unautoboa unyayo. Vaeni soksi za sufu bila wasiwasi: kati ya vibao vilivyofukuliwa Vindolanda, Uingereza, imo barua inayotaja soksi, viatu na nguo za ndani alizotumiwa mtu.

Na jihadharini na mawe laini. Mwanahistoria Josephus anaandika habari za akida Julianus aliyeteleza kwenye sakafu ya hekalu la Yerusalemu kwa sababu ya misumari ya viatu vyake, akauawa pale chini. Sakafu za nyumba zilizojengwa upya Carnuntum zina mosaiki na chokaa, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuingia na misumari. Mwe na jozi moja isiyo na misumari kwa kila mtu, hata ikiwa nyepesi.

Kanzu ni ya sufu, si pamba. Kwa wakati wa Severus mikono ni mirefu na inabana kifundo cha mkono, pindo linafika gotini. Nunueni mita 3 za kitambaa cha upana wa mita 1.5, uzito gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Vipande viwili vya sentimita 90 kwa 105 ndiyo mwili, mikono urefu sentimita 50, ikianza na upana wa 22 begani na kuishia 13 (kitambaa kikiwa kimekunjwa). Shingo ni mpasuo mlalo, msikate duara. Mshono wa cherehani ufiche ndani. Unaoonekana kwenye pindo na shingo ushone kwa mkono. Suruali ya sufu inayobana ni halali kwa wakati huo na ukanda huo wa baridi.

Joho: mstatili wa sufu nzito, mita 1.5 kwa 2, linabanwa begani kulia kwa bizimu. Aina ya bizimu iliyopinda kama goti ilienea sana ukanda wa Danube, na ni kitu kidogo ambacho mjuzi atakiona toka mbali.

Mshipi ni wa kupitisha kwenye pete: ncha mbili za ngozi huingia ndani ya pete kutoka nyuma, zinarudi, zinashikwa na vifungo vya shaba. Upanga ni spata, bapa la sentimita 60 hadi 80, unaning'inia kushoto kwenye mkanda mpana unaopita begani.

Deraya iwe ya mwisho kununuliwa. Kanzu, buti, mshipi na joho vikiwa sahihi, askari asiye zamu anayekarabati vifaa kambini anaheshimika kuliko yule mwenye deraya ya mwaka usio wake. Mkifika huko, chukueni ya pete, zenye kipenyo cha ndani milimita 6 au 7, safu moja pete nzima na safu inayofuata pete zilizopigwa ribiti. Za bei rahisi huwa zimekutanishwa ncha tu bila ribiti. Hizo hufunguka kwapani na pale mshipi unapokaza, na utaacha njia ya pete nyuma yako uwanjani. Uzito ni kilo 9 hadi 11, na siri yake ni mshipi: vuta deraya juu kidogo, kaza, ishushie juu ya mshipi. Nusu ya mzigo inahamia kwenye nyonga. Bila hivyo mabega yanakufa kabla ya adhuhuri.

Kutu: tieni deraya kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na mchanga mkavu, ibingirisheni dakika kumi, kung'uteni, kisha paka mafuta membamba. Msiihifadhi kwenye begi la plastiki, jasho lililobaki litaila usiku kucha.

---

Msomaji wa Mawe

Nachukua swali la rangi, kwa sababu linastahili kujibiwa kwa ukamilifu.

Kuwapanga watu weusi kuwa watumwa hakuna msingi katika historia ya Roma. Utumwa wao haukufuata rangi. Watumwa walitoka Thrakia, Galia, Germania, Shamu, Dakia, popote vita vilipopita au biashara ilipofika, na wengi waliozaliwa utumwani walizaliwa humo humo ndani ya dola. Mwandaaji akigawa nafasi kwa kuangalia ngozi, anaingiza utumwa wa Atlantiki kwenye karne isiyo yake. Mwambieni hivyo kwa adabu na kwa maandishi.

Sasa ushahidi wa askari. Mnara wa Trajan mjini Roma, uliozinduliwa mwaka 113, unaonyesha wapanda farasi wa Kimauri wenye nywele za misokoto wakishambulia katika vita vya Dakia, yaani ukanda huo huo wa Danube. Kiongozi wao alikuwa Lusius Quietus, aliyepanda hadi kuwa konsuli (cheo cha juu cha utawala wa Roma) na gavana wa Yudea. Upande wa pili wa dola, jiwe lililopatikana karibu na Burgh by Sands, kaskazini mwa Uingereza, linataja kikosi cha Wamauri kilichokuwa kwenye Ukuta wa Hadrian katikati ya karne ya tatu.

Msivuke mpaka wa ushahidi, lakini. "Mauri" ni watu wa kaskazini-magharibi mwa Afrika, Moroko na Aljeria za leo, na rangi zao zilitofautiana. Waliotoka kusini ya Misri Warumi waliwaita Aethiopes. Kipo kisa cha askari wa namna hiyo kukutana na Severus karibu na ukuta wa Uingereza, ila kimo kwenye mkusanyiko wa wasifu wa makaisari ulioandikwa muda mrefu baadaye na wenye mengi ya kutungwa. Kitajeni kama simulizi, msikitumie kama cheti.

Na Severus mwenyewe alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, mwaka 145. Kuna picha yake ya rangi juu ya ubao, iko Berlin, inayomwonyesha na ngozi ya kahawia kando ya mkewe Julia Domna, na uso wa mwana wao Geta ukiwa umefutwa. Mtu wa Afrika kutangazwa Kaisari pale pale mtakaposimama ni habari ambayo mgeni wa Carnuntum anastahili kuisikia kwa sauti kubwa, na ninyi ndio wa kuisema.

Pendekezo langu: andikeni kwenye maombi "askari wa Legio XIV Gemina na jamaa zao, majira ya 193 hadi 211". Mwaka wa mwisho ndio Severus aliofia York. Kipindi hicho kinawapa wanawake nafasi ya haki pia, kwa kuwa mwanahistoria Herodianus anasema Severus ndiye aliyewaruhusu askari kuishi na wake zao. Kabla ya hapo walikuwa nao, lakini sheria haikuwatambua.

---

Jirani wa Danube

Fundi, Msomaji, Mungu awazidishie. 193 imepita bila kupingwa kwenye kikundi.

Wawili kati ya wanawake wetu wanauliza kama wanaweza kuwa wafanyabiashara badala ya wake wa askari. Wa tatu anataka jiko.

---

Mama Shayiri

Huyo wa jiko ndiye atakayewavutia watu wengi kuliko panga zote. Moshi na harufu ya mkate huwaleta wageni wenyewe.

Mgawo wa askari ulikuwa nafaka, kiasi cha gramu 850 za ngano kwa siku. Kwa watu wanane ni kilo 6.8. Zipimeni asubuhi, zimwageni kwenye kikapu mbele ya wageni, waone. Kwa kula wenyewe gramu 450 kwa kichwa zinatosha.

Mawe ya kusagia yawe ya lava, kipenyo sentimita 40 hivi. Yale ya mchangarawe huacha chembe kwenye unga na meno yatasema. Jiwe la chini limetulia, la juu linazunguka, nafaka inaingia tunduni konzi kwa konzi. Ukijaza mno jiwe la juu linaelea na ngano inatoka imevunjika tu. Ukipunguza mno mawe yanasuguana yenyewe kwa yenyewe na kumomonyoka. Nafaka yenye unyevu huganda kwenye mifereji, basi ianikeni juani kabla. Kama mmepata ngano ya kale yenye maganda, itwangwe kwanza kwenye kinu kwa mchi, ipepetwe kwa ungo, ndipo isagwe. Kinu, mchi na ungo ni kazi ambayo dada zetu wanaijua mkono kwa mkono, na Warumi nao walitwanga hivyo.

Mkate: unga gramu 500 usiochekechwa sana, maji mililita 320, chumvi gramu 10, chachu ya unga uliochachuka gramu 100. Acheni saa nne hadi sita. Tandazeni majani ya mbei (bay leaf) juu ya jiwe la moto, wekeni donge, funikeni kwa kuba la udongo, kisha makaa juu na kuzunguka, kama mnavyopalia moto mkate wa kumimina. Dakika 35 hadi 40. Chungu na kuba vya udongo havivumilii mshtuko: vianze pembeni mwa moto, visogezwe kidogo kidogo kwa nusu saa, na visitiwe maji baridi vikiwa vya moto. Mwali wa moja kwa moja huvipasua. Pikeni juu ya makaa.

Uji wa kuonyesha ni ule ambao Cato, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya kilimo, aliuandika kwa jina la Wapuni, watu wa Carthage: nafaka iliyopondwa libra 1 (gramu 327) iloweshwe mpaka ilainike, jibini bichi libra 3, asali nusu libra, yai moja, vyote vivurugwe pamoja ndani ya chungu kipya. Moto mdogo na mwiko usitulie, jibini hushika chini upesi sana. Cato aliishi zaidi ya miaka mia tatu kabla ya Severus, hilo mliseme, lakini Leptis Magna ulikuwa mji wa Kipuni na Kaisari wenu alikulia katika utamaduni huo.

Pembeni ya uji: dengu, njegere, kunde, vitunguu, kabichi, mafuta ya nguruwe kwa wanaokula (na asiyekula asilazimishwe, mafuta ya zeituni yalikuwepo kambini). Kunde asili yake ni Afrika na Warumi waliila. Visivyoruhusiwa hata kwenye bakuli la mfano: nyanya, viazi, mahindi, mihogo, karanga, pilipili kali, na maharage haya ya kawaida. Vyote vimetoka Amerika. Pilipili manga ni sawa, ilikuja toka India. Kinywaji: siki ya mvinyo mililita 100 kwa lita moja ya maji, kijiko cha asali. Kwenye joto kinakata kiu vizuri.

Msiwauzie wala msiwaonjeshe wageni bila kibali cha chakula. Onyesheni tu, mle wenyewe.

---

Karani wa Gwaride

Mimi ni mambo ya ngao na usalama.

Kwa mwaka wenu ngao ya duaradufu inafaa. Zilizopatikana Dura-Europos, Shamu, zina urefu wa mita 1.1 hivi kwa upana wa karibu 0.95, mbao nyembamba za mpopla zilizounganishwa ubavu kwa ubavu. Ubao wa milimita 8 katikati, upunguzwe kwa randa kuelekea ukingoni. Wakipenda njia fupi, plaiwudi ya milimita 6 inafunikwa na haionekani. Kinachoharibu ngao ni kufunika upande mmoja tu: kitani au ngozi mbichi ikikauka huvuta, na ubao unajipinda kama ganda. Gundisheni pande zote mbili siku moja, iwekeni kati ya mbao mbili zenye uzito kwa siku tatu. Ukingo ushonewe utepe wa ngozi mbichi iliyolowa. Kitovu cha chuma kiwe na nafasi ya sentimita 5 kutoka kwenye vifundo vya vidole, la sivyo pigo la kwanza linavunja kidole.

Panga: makali yawe butu, unene usiopungua milimita 2, ncha ya mviringo. Kila asubuhi pitisheni kidole kwenye bapa zima. Mapigo ya chuma kwa chuma hutoa meno madogo yanayokata kama msumeno, yapigwe tupa kabla ya onyesho. Mikuki irushwe ndani ya uzio tu, watazamaji wakiwa nyuma ya warushaji, kamwe si mbele wala ubavuni.

Kobe la ngao, yaani askari kujifunika kwa ngao juu na kando, achaneni nalo. Watu wanane halifungi, pembe zinabaki wazi na wageni wanacheka. Fanyeni ukuta wa ngao wa watu watano, geuzeni mstari, songeni hatua kumi, simameni. Hilo likifanyika kwa usahihi linatisha kweli kweli. Amri zitolewe kwa Kilatini. Nyingi tunazotumia sote zimetoka kwenye mwongozo wa kijeshi wa mwishoni mwa karne ya sita, kwa hiyo mgeni akiuliza msimwambie ni maneno ya 193.

Kofia za wakati huo hufunika masikio. Aliye pembeni hasikii amri, basi mzoeeni ishara ya mkuki pia. Chini ya kofia vaeni kikofia cha sufu, na kila baada ya dakika 20 juani mtu aivue na anywe maji. Anayeacha kutoka jasho atolewe mara moja kivulini, deraya ivuliwe: ainame mikono mbele, wawili waivute kupitia kichwani.

---

Msomaji wa Mawe

Kwa wale wawili wa biashara, mahali ni pazuri. Carnuntum ilikuwa pale njia ya kaharabu kutoka Baltiki ilipovuka Danube kwenda Aquileia. Kaharabu ghafi, bizimu, vioo, vyungu vyekundu vinavyong'aa, pilipili manga: meza imejaa tayari.

Na pwani yetu inaweza kuwemo kwa haki. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, Periplus wa Bahari ya Erithrea, unaitaja pwani ya Azania na soko lake la mwisho, Rhapta, penye mashua za kushonwa, ukoo mmoja na mitepe yetu. Wafanyabiashara wa Muza, Yemen, walioa huko na walijua lugha ya wenyeji. Walipeleka mikuki, vishoka, visu na vitu vya kioo. Walirudi na pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya ng'amba. Mvinyo na ngano walizipeleka pia, si za kuuza bali za kujenga urafiki. Rhapta palikuwa wapi hasa, wanaakiolojia hawajakubaliana, basi ramani yenu isiweke alama moja na kuidai.

Pembe za ndovu halisi na ng'amba halisi msithubutu kuziweka mezani, hata zikiwa urithi wa bibi. Biashara yake imebanwa na mkataba wa kimataifa na mtanyang'anywa. Mfupa wa ng'ombe uliosuguliwa na pembe ya ng'ombe iliyochemshwa na kunyooshwa vinatosha. Kijikaratasi chini ya kila kimoja kiseme ni mfano. Mizani iwe ya mkono mmoja yenye jiwe linaloteleza, na iwekewe alama kwa libra. Watoto wataijia wao.

---

Karani wa Gwaride

Jambo dogo la safari: treni ya S7 kutoka Vienna inasimama Petronell-Carnuntum. Panga zikae ndani ya ala, ala ndani ya begi refu lenye kufuli, na barua ya mwaliko iwe kwenye mfuko wa nje. Msipande treni mmevaa mshipi wa upanga. Mawe ya kusagia na mahema yatafutiwe gari, jiwe la juu na la chini kila moja kwenye kreti yake lenye gunia katikati, maana yakigongana njiani ukingo unameguka.